Mlio wa Pili

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako aliyekuzaa. Hujambo? Mwili una nguvu? Kile kifua kilichokuwa kinakubana siku za baridi kimepona, au bado unakohoa kama gari bovu linalokataa kuwaka? Mimi nipo. Goti la kushoto limegoma, jicho moja limeingia ukungu, ila mdomo ni mzima, kama utakavyoona mbele. Mdogo wako hajambo, mkewe hajambo, watoto wao wanakula kama mchwa. Karakana bado inafanya kazi. Bati la juu limeoza upande wa mlangoni na mdogo wako kila siku anasema kesho.

Anayeandika ni binti yako, Cheche. Mimi nasema, yeye anaandika, maana shule mimi niliipita kwa nje nikiwa na ndoo kichwani. Nimemwambia asinipambie maneno. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Nimemwambia pia kwamba nikifika pabaya asiniwekee kalamu chini. Ameuliza pabaya wapi, nikamjibu andika tu.

Nasikia unafua mashuka kwenye hospitali kubwa, kwa mashine zinazozunguka siku nzima. Aliyetuambia ni yule dereva wa malori, jirani yetu wa zamani. Alisema ulimpa chai, ukamuuliza habari za kila mtu isipokuwa mimi. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Kisha nikamuuliza inakuwaje mtu mwenye mikono kama yako, mikono iliyofundishwa na baba yako, anakaa anafua mashuka. Akasema hata yeye alikuuliza, nawe ukamjibu kwamba shuka likianguka haliui mtu. Nilimwondolea kikombe, nikamwambia aende zake, nina kazi.

Sasa habari za mwanao. Ulimwacha na miaka minne, hana mama, amening'ang'ania nguo. Hilo jina la Cheche alipewa na babu yake, kwa sababu alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ameugeuzia ukutani kama alivyoamriwa, anatazama mwanga wa cheche unavyoruka juu ya chokaa. Amekua. Ana urefu wako na ubishi wangu. Kuchomelea alifundishwa na mdogo wako, halafu akaenda chuo cha sanaa akasomea vyuma. Nilimuuliza vyuma gani, mageti? Akasema hapana. Madirisha? Hapana. Vitanda? Hapana, Bibi, vitu vya watu kutazama na kufikiri. Nikamwambia basi wewe ni fundi wa vitu visivyofungwa wala kufunguliwa, mteja hutampata mpaka uzeeke. Akacheka. Kumbe mteja nilikuwa mimi.

Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anakuja nyumbani na kamba ya kupimia. Akapigilia vigingi uani, akafunga uzi kutoka kigingi hadi kigingi, mpaka jirani yangu mshonaji akaja kuniuliza kama tumeuza kiwanja. Na maswali hayaishi. Geti lilisimama wapi siku ile? Babu alichuchumaa wapi? Baba alishika upande gani? Na wewe, Bibi, jiko lako lilikuwa wapi? Nikamwonyesha kwa kidole, mimi mjinga, nikidhani mtoto anamtafuta babu yake. Akaenda pale palipokuwa na jiko la zamani, akakwangua chokaa kwa kisu, masizi yakatoka. Akaniambia nisimame hapo. Akaweka kipande cha boksi chini ya miguu yangu, akazichora nyayo zote mbili, pamoja na huu wa kulia unaoangalia pembeni tangu nilipovunjika kifundo. Nikajua nanunuliwa viatu. Nikamwambia viwe vyeusi, na visiwe na kisigino.

Siku ile unaijua wewe. Lakini anayeandika anaijua kwa vipande, kila mtu alimpa kipande chake, kwa hiyo acha niiseme tangu mwanzo.

Lilikuwa geti la ghala, la bati zito, urefu wa watu wawili. Baba yako alitaka kulijaribu hapo uani kwenye nguzo zake kabla halijachukuliwa. Wewe ulisimama nyuma ya geti, nguzo ya kushoto, umelishikilia lisilale, macho umefumba na uso umegeuza, maana ule mwanga haumwonei mtu huruma. Yeye alichuchumaa anachomelea bawaba ya chini. Ya juu bado. Na unajua desturi ya karakana yetu, ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote: baba yako hasemi. Alikuwa anasema mtu amefumba macho, mashine inanguruma, maneno yatapotea njiani, lakini chuma kikigongwa unakisikia mpaka kwenye mifupa. Akigonga nyundo mara moja, shikilia. Mara mbili, achia. Miaka yote mlifanya kazi hivyo, baba na wana, kama vipofu wanaoaminiana. Mimi nilikuwa namuuliza huo mdomo ulipewa wa nini. Anatabasamu, anagonga meza mara moja.

Siku ile uliachia. Geti likamlalia kifuani. Tulipolinyanyua, wewe na mdogo wako na wapita njia wanne, mwenzangu alikuwa amekwisha kwenda.

Baada ya mazishi baba zako wadogo watatu wakajaa sebuleni, viti vyote wamevikalia wao. Wakakuuliza. Ukasema ulisikia milio miwili. Wakakuuliza tena, ukasema miwili. Kisha wakaniuliza mimi, nimekaa chini karibu na mlango. Nikasema nilikuwa jikoni, nimesimama, nawaangalia kwa macho yangu haya. Nikasema aligonga mara moja tu, na kwamba nilikuona ukiachia mkono kabla ya wakati wake. Uliinua uso ukanitazama. Hukubisha. Yule mkubwa wao akasema mtu aliyemuua baba yake kwa uzembe hawezi kulala tena kwenye nyumba ya baba yake. Asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa, na wewe hupo.

Sasa, wiki iliyopita Cheche alinichukua nikaone kazi yake. Ni ukumbi mkubwa, kuta nyeupe, sakafu inang'aa mpaka niliogopa kuteleza. Nilivaa viatu vyangu vya zamani, vipya sikuletewa. Watu wameshika glasi, wanaongea polepole kama wako msibani, ila wanacheka. Katikati kuna vyuma. Mwanangu, nilisikitika. Vipande vya bati na nondo, mia na kitu, kimoja kimesimama huku, kingine kinaning'inia kule kwa waya, hakuna kilichogusana na mwenziwe. Kile chuma nilikijua kabla sijakikaribia. Ni lile geti. Lilikuwa limeegemea nyuma ya karakana miaka yote hii, hakuna aliyetaka kuliuza wala kulitazama, na mwanao amelikatakata. Nikasema moyoni, basi, mtoto kamaliza miaka ya chuo ili aje kumwaga chuma chakavu kwenye sakafu safi.

Bwana mmoja mwenye upara na skafu shingoni alikuwa anawaeleza wenzake kwamba kazi hii inauliza kipi tunakiona na kipi kipo kweli, kwamba jicho ni shahidi anayeropoka. Wenzake wakatikisa vichwa. Nilitaka kumuuliza amekula nini asubuhi. Nikawa natafuta kiti, lakini Cheche akanishika mkono akanipeleka mpaka mahali pamoja. Chini pana nyayo mbili, zimekatwa kwa bati jembamba zikabandikwa sakafuni. Wa kulia unaangalia pembeni. Hapo ndipo nilipojua viatu vyangu vilikwenda wapi.

Akaniambia nikanyage. Nikakanyaga, nikainua macho. Mwanangu, geti likajifunga. Vile vipande vyote vilivyokuwa vimetawanyika kama kuku wametishwa vikaja vikakutana, kona kwa kona, mpaka yale maua ya juu ambayo baba yako aliyakunja kwa mkono. Geti zima limesimama mbele yangu kama siku ile. Nikasogea hatua moja, likasambaratika. Nikarudi, likasimama. Watu wakapiga makofi kidogo. Walidhani bibi amefurahi.

Palikuwa na mlinzi wa ukumbi, mtu mzima, ana kitambi cha haja, amenipa shikamoo tatu tangu niingie. Cheche akamwomba aende akasimame upande wa kushoto, nyuma ya vyuma, pale penye alama. Akaenda. Namwona anakwenda, anaburuta viatu. Akafika, akapotea. Vipande viwili vya bati vilimmeza na kitambi chake. Mwanao akaniinamia sikioni.

"Bibi, mlinzi unamwona?"

Nikasema simwoni.

"Nimepima kila hatua kama uani kwetu. Sasa baba ulimwonaje?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, hasira naijua nitaishika wapi. Mlinzi akachungulia akauliza abaki au arudi. Mimi, ili mradi niseme jambo lingine, nikamuuliza kile kikaratasi ukutani kimeandikwa nini. Akaja, akavaa miwani, akanisomea: Kutoka Jikoni. Akasema bila shaka ni mambo ya mapishi.

Siku tatu nilimkwepa mwanao. Nilipika, nikafagia, nikamfokea mdogo wako juu ya lile bati. Cheche hakunisukuma. Alikuwa anakula chakula changu, anaosha sahani yake, ananitakia usiku mwema. Leo baada ya chai nimemwambia alete karatasi.

Kwa hiyo andika, Cheche. Sikumwona. Geti lenyewe lilikuwa katikati yetu, limemfunika yeye, na babu yako nilikuwa naona kisigino chake kimoja tu. Tena hata hicho nilikuwa nimekipa mgongo, nakoroga sufuria. Nilisema nilimwona kwa sababu wanaume watatu walikuwa wananitazama, na mume wangu yuko ndani ya udongo, na nilitaka awepo mtu wa kubeba. Mwanangu alikuwa karibu, nikamtwika yeye.

Hilo binti yako alikwisha kulijua kwa kamba yake ya kupimia. Ameliandika bila kuinua kichwa. Linalofuata halijui, na kamba haiwezi kulipima.

Unaukumbuka mwiko wangu wa chuma. Baba yako alinitengenezea kwa kipande cha nondo, kichwa chake akakifua mwenyewe kwa nyundo, akaniambia huu utakuzika. Siku ile nilikuwa napika maharage. Nilikoroga, nikaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kuukung'uta, mara moja, kama nilivyougonga kila siku ya ndoa yangu. Sikujua kuwa nimegonga. Nani anauhesabu mkono wake jikoni? Nilipowaambia baba zako wadogo kwamba nilisikia mlio mmoja, hilo nililiamini. Ulikuwa mmoja wa nyundo. Wangu sikuuhesabu.

Karibu mwezi baada ya wewe kuondoka, mdogo wako alikuwa uani ameshikilia fremu ya dirisha, macho amefumba, anamshikia fundi tuliyemwajiri baada ya baba yenu. Yule fundi akagonga mara moja. Mimi jikoni nikakung'uta mwiko. Mdogo wako akaachia. Dirisha likaangukia matofali, hakuumia mtu, wakatukanana halafu wakacheka. Fundi anaapa kagonga mara moja. Mdogo wako anaapa kasikia mara mbili, akamwambia kaoshe masikio. Mimi nimesimama na mwiko juu, mchuzi unanitiririka mpaka kwenye kiwiko, unaniunguza, na sikuushusha. Nilielewa pale pale. Wao hawakuelewa, na sikuwasaidia kuelewa. Kesho yake nilihamishia jiko nyuma ya nyumba, nikasema moshi unaharibu rangi za mageti. Ule ukuta niliupaka chokaa kwa mkono wangu, mara mbili, na nilipomaliza nikaupaka tena.

Na bado nilikuwa na nafasi. Barua yako ya kwanza ilikuja kabla mwaka haujaisha. Mshonaji ndiye aliyenisomea. Salamu hukuweka, uliweka swali moja tu: Mama, kweli hukusikia milio miwili? Wakati huo nilikuwa najua, mwanangu. Nilijua nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mshonaji, vipande vya vitambaa vimejaa miguuni. Nikamwambia aandike kwamba nilisikia mmoja. Akaniuliza aongeze salamu, nikasema hapana.

Niliogopa. Baba zako wadogo wangenitoa nje siku hiyo hiyo, wangesema mke kamuua ndugu yao kwa mwiko, na Cheche wangemchukua wao. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri mpaka yule mkubwa wao akafa, na wa pili akafa, na wa tatu akasahau hata jina lake mwenyewe. Miaka minane sasa hakuna wa kunitoa nje. Nimenyamaza kwa mazoea tu, kama mtu anavyoendelea kulala upande mmoja wa kitanda hata baada ya mwenzake kuondoka.

Hapa mwanao ameacha kuandika. Ameweka kalamu chini, jambo nililomkataza, akaenda bombani. Nimesikia maji yanatoka muda mrefu. Amerudi uso umelowa, amekaa, hanitazami. Ameniuliza kitu kimoja, kama zilikuja barua nyingine. Zilikuja mbili. Nilizitia motoni bila kusomewa. Nimemwambia na hilo aliandike. Sasa sijui anaandika ninayosema au ananiandikia matusi, mimi kusoma sijui. Ukikuta matusi humu ndani yaache yalivyo, ni haki yake.

Usidhani nakuandikia nipate usingizi. Usingizi ninao, miaka yote nimelala vizuri, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nakuandikia kwa sababu umeishi miaka ishirini na moja ukidhani masikio yako yalikudanganya, mpaka ukaenda kujificha kwenye mashuka. Hayakukudanganya. Ulisikia milio miwili kwa sababu ilikuwa miwili. Uliambiwa achia, ukaachia, kama ulivyofundishwa. Baba yako naye nimemkasirikia, nikuambie ukweli. Mdomo alikuwa nao, na meno yote. Lakini yeye alilipa palepale. Wewe ndiye uliyeendelea kulipa, na mimi nikakaa nakula maharage.

Msamaha usinitumie kwa barua. Nitasomewa na mtu, na sitajua kama njiani ameniongezea sukari. Njoo unikatalie usoni. Vile vyuma vitakaa ukumbini mpaka mwisho wa mwezi ujao. Watoto wa baba zako wadogo nitawaita wote, hata yule anayejifanya hana nafasi, na mdogo wako, na mshonaji aliyeniandikia uongo wangu bila kujua. Usije kukanyaga zile nyayo zangu. Hapo kila mtu anakanyaga na kila mtu anaona geti. Wewe nenda kushoto, nyuma, aliposimama mlinzi, ufumbe macho. Mwanao atagonga nyundo mara moja. Mimi nitakuwa mahali pangu na mwiko wangu. Ninao bado, ulikuwa chini ya godoro, haujanizika. Nitaugonga kwa nguvu nilizobakiwa nazo, nataka wausikie wote, na yule bwana wa skafu aje aeleze.

Mdogo wako anakusalimu. Haya hajayajua, nitamwambia akirudi, na sijui atanitazamaje mezani. Mshonaji anakusalimu, macho yake yamekwisha, sasa anashona kwa kupapasa. Yule dereva akipita tena nitamkaribisha chai vizuri. Cheche hajasema kama anakusalimu au hakusalimu. Nimemwambia ukurasa wa nyuma ni wake, aandike anachotaka, mimi sitautazama, na hata nikiutazama, kusoma sijui.

Wino wa kutia dole gumba hatuna ndani. Nimekwenda mwenyewe pale ukutani alipokwangua mwanao, nikasugua kidole kwenye masizi. Bado ni meusi kama jana. Ndilo hilo doa unaloliona hapa chini.

Ni mimi mama yako,
niliyekuwa jikoni.